Kilio Kisichotaja Jina

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya baruti, na maandishi mekundu ya hatari bado yalisomeka kwa ndani. Inspekta Badibanga aliinua kifuniko, akaingiza mkono, akapapasa mpaka pembeni, akakifunga.

"Iko kitu, tata?" fundi wa mavazi Asani aliuliza kutoka chini ya jukwaa. Alikuwa amekataa kupanda.

"Hakuna. Unaogopa nini?"

"Mi siogope. Ni miguu njo inaogopa."

Alasiri ilikuwa kavu. Moshi wa nyasi zilizochomwa porini ulikuwa umeingia Kolwezi tangu asubuhi na kuchanganyika na vumbi la machimbo, na madirisha ya ukumbi wa parokia yalipitisha mwanga wa rangi ya kutu. Ndani ya mwanga huo lilisimama jumba la kuigiza: kuta za mbao zilizopakwa chokaa, ngazi isiyofika popote, kiti kikubwa kimoja, na jeneza.

Siku ya Jumapili Kabongo, kijana aliyeigiza bwana wa jumba hilo, alitoweka. Jumatatu wachoma makala walikuta nguo zake nje ya mji, ukingoni mwa shimo la zamani la machimbo, lile lililojaa maji ya kijani. Shati lilikuwa na wekundu kifuani. Maji yale hayarudishi mtu. Komanda Kyungu wa brigedi ya polisi hakungoja mwili uelee. Alimkamata Omer, mkuu wa kundi la maigizo, kwa sababu nusu ya kundi ilimsikia Jumamosi akimfokea Kabongo kwamba atakufa. Kesho asubuhi Omer angepandishwa treni ya Lubumbashi kwa hati ya mauaji, na waliopandishwa kwa hati kama hiyo hawakuwa na desturi ya kurudi. Badibanga alikuwa ameagizwa aifunge faili kabla ya jua kuzama. Aliagizwa aifunge, hakuagizwa achunguze.

"Nielezee huu muchezo," alisema, akakaa juu ya jeneza.

Asani alifumba macho kidogo alipomwona anakaa pale. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya Kiislamu, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama nyoka aliyechoka.

"Ni kitabu ya Bazungu, ya zamani sana. Omer aliisoma kwa bapadri. Bwana mumoja iko na nyumba kubwa mu baridi. Bibi yake anakufwa, bwana anaoa mwingine. Sasa ule wa kwanza anaanza kusema mu kibambazi."

"Ndani ya ukuta."

"Ndani kabisa. Omer akaleta yote huku kwetu. Bwana akakuwa enzhenyeri wa migodi, nyumba ikakuwa pembeni ya Lualaba. Lakini siku ya kwanza, tata, ilikuwa haya! Muzimu aliingia na shuka nyeupe, sawa mu kitabu, akapiga hodi ku mulango. Batu bakacheka mpaka benchi ikavunjika. Mama mumoja akalalamika: mufu gani anapiga hodi ku nyumba yake mwenyewe?"

Badibanga hakucheka, ila sharubu zake zilisogea. "Halafu?"

"Halafu Omer akatupa shuka, akaweka kilio. Bibi alale mu sanduku, bamama bakae chini, balie sawa vile tunalia hapa. Bamama bakakatala. Henriette, mwenye kucheza ule bibi, eko muzima mule ndani, utamulilia namna gani? Mutu muzima halilewe. Ukilia jina yake, unamuitia kifo."

"Hata kwetu Kasai ni vile. Omer akafanya nini?"

"Ule kijana iko na akili ya shetani, Mungu anisamehe." Asani alisogea karibu na jukwaa bila kuligusa. "Aliwaambia: kila mumoja alie mufu wake. Mama yako, nkambo yako ule babu, muloko wako ule ndugu mudogo mwenye alikufwa. Muwataje kwa majina. Tu jina ya Henriette isitoke mu kinywa ya mutu. Benye kutazama hawatajua, batasikia tu maumivu. Na walisikia, tata. Mi mwenyewe, na hii ndevu, nilimulilia bibi yangu mwenye nilizika Kasongo."

Hapo ndipo ukuta ulipolia.

Sauti ilitoka nyuma ya mbao zilizopakwa chokaa, juu kidogo ya kichwa cha Badibanga. Ilikuwa sauti ya mwanamke, lakini nyembamba, baridi, kana kwamba koo lake lilikuwa la bati. "Nkambo weee," ilisema. "Nkambo, uliniacha na nani? Tata wee, tata wa Sandoa, ona mutoto wako..." Ilipanda, ikakatika, ikaanza tena kwa chini kabisa.

Asani alikuwa tayari mlangoni.

"Rudi," Badibanga alimwambia, bila kupaza sauti. Alisimama juu ya jeneza na kuchungulia nyuma ya ukuta wa mbao. Bomba kuukuu la hewa, la kutoka mgodini, lilipita pale likiwa limefungwa kwa waya, na lilikwenda hadi chumba cha nyuma. Mdomo wake ulifunguka katikati ya ukuta kwa tundu lisiloonekana. Aliweka sikio kwenye bati.

"Njo Henriette," Asani alisema kutoka mbali. "Anakusanya bilamba, nguo za muchezo, ku chumba ya nyuma. Kila siku analia vile. Balikuwa baoane na Kabongo, mwisho wa mwezi huu."

Badibanga aliinua kidole anyamaze. Alisikiliza mpaka sauti ikaisha na bomba likabaki na mvumo wake mtupu. Kisha akashuka.

"Hii rangi nyekundu ya muchezo munaitengeneza na nini?"

"Mafuta ya mawese na nkula, ule unga ya muti mwekundu. Ya Act ya tatu, pale bwana anajipiga kisu."

"Shati ya Act ya tatu iko wapi?"

Asani alitazama misumari iliyotundikwa mavazi. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. "Nilifua... Hapana. Sijui, tata."

"Na kofia? Ku ule musumari wa pembeni kuna alama ya mviringo mu vumbi."

"Kofia gani?"

"Fundi."

Mzee alilamba midomo. "Haikuwa ngozi ya kweli. Ilikuwa blanketi. Kabongo aliniambia niweke madoa."

"Madoa ya chui?"

Asani alitazama mlangoni. Katika Zaïre yote hakuna mtoto asiyejua ni kichwa gani, kule ikulu, kinavaa kofia ya madoa yale, na kwamba hakuna kichwa cha pili. Kumvika bwana wa jumba lenye mfu ukutani kofia hiyo kulihitaji ujasiri mwingi, au akili kidogo.

"Nani aliiona?"

"Siku ya Ijumaa, mu mazoezi, kijana mumoja wa chama alikuwa ku benchi ya mwisho. Ule wa miwani. Hakusema kitu. Alitoka mbele ya kwisha."

---

Kasho, chumba cha mahabusu cha brigedi, kilikuwa na mlango wa chuma uliokatwa kutoka kwenye ubavu wa behewa. Omer alikuwa amekaa akiegemea ukuta, miguu mitupu. Kwenye karatasi za serikali sasa alikuwa na jina lingine, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini mlinzi mwenyewe alimwita Omer.

"Ulimuua Kabongo?"

"Apana."

"Juu ya nini ulimuambia atakufa?"

"Juu ya Henriette." Jibu lilikuja haraka mno, kama mtu anayesoma. "Nilimupenda. Yeye alimutaka. Tulipigana maneno."

"Ulimupenda tangu lini?"

"Tangu... zamani."

"Baba yake alikuwa wa wapi?"

Omer alitazama miguu yake.

"Anamuita kila siku kwa ukuta wako mwenyewe. Umeweka bomba, umefundisha watu kulia, na hujasikia baba ya mwanamke unamupenda alikuwa wa wapi?"

"Andika vile nimesema, citoyen inspecteur."

"Nikiandika vile, ni wivu. Wivu ni mauaji. Nikiandika kofia..."

Omer aliruka kusimama. Alikuwa mrefu kuliko dari lilivyotaka, akainamisha kichwa. "Usiandike kofia! Nakuomba. Wivu ni mimi peke yangu. Kofia ni batu bote: Asani, Henriette, bamama ba kulia, mpaka ule padri mwenye alituachia sale ya parokia. Batawakusanya sawa mahindi."

"Kwa hiyo umechagua kamba moja badala ya kamba nyingi."

"Nilimuambia Kabongo: utakufwa na utatukufisha wote na ile kichwa yako. Alinicheka. Alisema muchezo bila ukweli ni ngoma ya harusi." Omer alikaa tena, polepole. "Mi nilitaka tu batu basikie ukuta ukisema. Walipocheka ile siku ya kwanza, sikulala. Niliona: kumbe hofu ya Bazungu haitembee kwa miguu yetu, lazima tuipe miguu. Nikaipa. Haya, ona mahali imenileta."

"Kabongo alijua kuogelea?"

"Kabongo? Alikuwa anaogopa hata mayi ya kunawa."

Badibanga aligonga mlango afunguliwe.

---

Komanda Kyungu alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, aliyependa meza isiyo na kitu juu yake. Kwa hiyo shati la Kabongo lililotandazwa pale lilimkera kama sahani chafu.

Badibanga alikata kipande cha gazeti, akakilaza juu ya wekundu, akaweka juu yake birika la chai iliyotoka jikoni ikichemka. Walingoja. Alipoondoa birika na kuinua gazeti kuelekea dirishani, doa lilikuwa linapitisha mwanga, kubwa, la mviringo, na herufi za upande wa pili zilionekana ndani yake.

"Mafuta," Badibanga alisema. "Damu ya Jumapili leo ingekuwa nyeusi, ngumu. Ungeikwangua kwa ukucha. Hii ni mawese na nkula. Ni shati ya muchezo."

Komanda aliligusa doa, akanusa kidole. Hakuwa mpumbavu. "Basi hakuna mauaji."

"Hakuna damu. Bila damu na bila mwili, mauaji unayasimamisha ku nini?"

"Ku kukimbia." Komanda alivuta simu karibu na tumbo lake. "Batu ba chama walinipigia jana. Bananiuliza habari ya Kabongo, na hawakuuliza kwa upole. Kama hakuuawa, amekimbia. Kama amekimbia, njia ni ya magharibi, reli ya Mutshatsha, halafu mupaka. Natelefone Mutshatsha bafunge. Na Omer anapanda treni ile ile ya kesho. Si kwa mauaji. Kwa kumusaidia."

"Ao Kabongo alivua nguo afue hii rangi, akaanguka. Ukingo wa lile shimo ni udongo mulaini, na ye hakujua kuogelea."

"Ao alianguka," Komanda alikubali. "Ajali. Pale Omer anatoka leo, chama inapata mufu wake, bote banalala. Mi naipenda sana ajali, Badibanga. Lakini nani atanishuhudia?"

Inspekta alikunja gazeti.

"Mama yake," Komanda alisema. Aliacha simu, akavaa kofia yake ya kazi. "Nilikuwa niende ku kilio kutoa pole, ni desturi. Marehemu mama yangu alikuwa anaitwa ku kila kilio kuanzia hapa mpaka Fungurume kuongoza kulia. Nimekulia chini ya mukeka wa bilio. Mutu anaweza kunidanganya kwa karatasi. Kwa machozi, apana. Nitamusikiliza ule mama. Ongoza mbele, mi nakuya na gari."

---

Ua wa Mama Ndaya, mama yake Kabongo, ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa pembeni, kwenye viti vya kuazima, wakiwa na radio iliyozimwa katikati yao. Wanawake walikuwa chini, kwenye mikeka, vitambaa vimefungwa kiunoni. Moto wa magogo ulitoa moshi uliokataa kupanda. Ulitambaa kati ya watu na kuwakata miguu, hata ukaona viwiliwili vinakaa juu ya weupe.

Mama Ndaya alikuwa katikati. Alilia vizuri. Alilia hivi kwamba wanaume wenye kucheza karata walikuwa wameficha karata.

"Tata Ilunga weee, uliondoka na jembe ku bega! Yaya Mujinga, yaya wangu, mbona hufungue mulango? Mama, mama mwenye kunizaa, baridi inaniingia..."

Na wanawake waliitikia kila jina, eee, eee, kama mlango mzito unaofunguliwa pole.

Badibanga alisimama nyuma ya uzio, kofia mkononi. Aliyasikia majina ya wafu yakipita moja moja, ukoo mzima ukitembea juu ya moshi. Babu. Dada. Mtoto aliyekufa kwa surua. Alingoja jina moja. Wafu walikwisha, wakaanza upya kutoka mwanzo, na jina lile halikutajwa.

Alipata nafasi mama alipoinuka kunywa maji. Alimfuata ndani ya nyumba. Henriette alikuwa pale, amekaa juu ya gunia la unga wa mahindi. Alikuwa msichana mwenye uso mpana, na kwenye nywele zake bado palikuwa na unga wa pemba, udongo mweupe aliokuwa akijipaka ili awe mfu jukwaani.

"Pole, mama," Badibanga alisema.

"Asante, tata."

"Nimekuya na habari ya shati." Aliongea chini, kama mtu anayeuliza bei. "Henriette, uliibeba ku musumari Jumapili, mu haraka. Ulichukua ile ya Act ya tatu. Ulitaka watu waone mutu aliyevua nguo, akaanguka mu mayi. Wakaona mutu aliyechomwa kisu."

Henriette alitazama mikono yake. "Mule ndani mulikuwa giza," alisema mwishowe. "Zote ni nyeupe."

"Nyamaza, we mutoto!" Mama Ndaya alisema.

"Mama, anajua."

"Anajua nini? Mwana wangu eko mu mayi."

"Mama," Badibanga alisema, "ningekuwa na mwana mu mayi, ningemuita. Wewe umeita bote isipokuwa ye. Na huyu ku ukuta wa muchezo ni vile vile. Omer njo aliwafundisha. Mutu muzima halilewe."

Nje wanawake waliendelea bila mama, chini chini. Mama Ndaya alikaa kwenye kitanda. Uso wake ulikuwa mkavu sasa, na mkali.

"Unataka nini? Umupeleke?"

"Sijauliza eko wapi. Usiniambie."

"Basi unataka nini?"

"Omer. Amesema alimuua Kabongo kwa wivu, ili kofia isitajwe. Kesho anapanda treni. Nimeonyesha komanda kwamba shati haina damu. Lakini komanda anasema: kama hakuna mauaji, kuna kukimbia, na Omer alisaidia. Atapanda treni tu. Na simu itaenda Mutshatsha."

Henriette aliinuka kutoka kwenye gunia. "Hawezi kupiga Mutshatsha! Bado haja—" Alijiziba mdomo.

"Nimesema musiniambie." Badibanga alisubiri akae. "Kinabaki kitu kimoja. Kabongo alianguka. Komanda anaweza kuamini. Anakuya hapa sasa, na anakuya kusikiliza. Mama yake alikuwa muongozi wa bilio. Makosa mimi nimesikia, yeye atayasikia haraka kuliko mimi."

Mama Ndaya alielewa kabla hajamaliza. Alitikisa kichwa mara moja, kwa nguvu, kama anayefukuza nyuki.

"Apana."

"Sikulazimishe."

"Apana, tata! Nimemuzaa ku njia ya Mutshatsha, peke yangu, na mvua. Nimulie na kinywa yangu? Mi mama yake? Kinywa ya jirani ni upepo. Kinywa ya mama ni kaburi. Ukisema jina pale, njia zote zinasikia."

"Mi nitalia," Henriette alisema. "Mi si mama yake. Mi nitamutaja."

"Wewe ni muchumba," Badibanga alijibu. "Komanda atauliza: na mama?"

Mbali, king'ora cha kiwanda kiliita watu wa zamu. Gari liliunguruma kwenye kona ya barabara, likapunguza mwendo kwa ajili ya watoto.

"Omer ule," Mama Ndaya aliuliza, "mama yake eko wapi?"

"Alikufa zamani," Henriette alisema. "Njo ye Omer alimulilia mu mazoezi, ya kwanza, kutuonyesha namna. Alimuita mpaka sauti ikakauka."

"Kwa hiyo kule Lubumbashi, akifwa, hakuna mwenye atamuita."

Henriette alikung'uta unga kwenye nywele zake.

Mlango wa gari ulifungwa nje. Wanaume waliinuka kwenye viti; zilisikika salamu, mbote komanda, pole, pole sana. Mama Ndaya alifungua kitambaa cha kiunoni, akakifunga tena, akakikaza kama mwanamke anayekwenda kubeba mzigo mkubwa. Alipopita karibu na Badibanga alisimama.

"Jina ya mutoto wako wa kwanza ni nani, tata?"

"Sina mutoto, mama."

"Ndiyo maana," alisema, akatoka.

Hakukaa kwenye mkeka. Alipita kati ya wanawake mpaka penye udongo mtupu, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka, na moshi uliingia na kutoka mdomoni humo. Komanda Kyungu, aliyekuwa amesimama na kofia kifuani, aliinamisha sikio.

"Kabongo!"

Ua mzima ulishtuka, kana kwamba mtu ameitwa na akaingia.

"Kabongo weee! Kabongo, mwana wa tumbo langu, mayi imekumeza! Mayi ya kijani, mayi ya shaba, umenirudishia bilamba bila mwana! Kabongo, nilikuambia usitembee ku ukingo! Nani atanizika, Kabongo? Nani?"

Alianguka. Wanawake walipiga ukelele na kumwangukia. Hata mzee mmoja kwenye viti, ambaye alikuwa na sifa ya kuja kwenye vilio kwa ajili ya pombe tu, alifunika uso. Katika mlango wa nyumba Henriette alikuwa ameuma kitambaa chake kwa meno.

Komanda Kyungu alisikiliza mpaka jina likatajwa tena, na tena. Machozi yalimtoka naye, bila aibu, yakashuka kwenye mashavu manene. Alijipangusa kwa kiganja na kusogea hadi alipokuwa Badibanga.

"Mama yangu alikuwa analia vile," alisema. "Vile vile. Hii haifundishwe."

"Apana, komanda."

"Ni ajali. Andika: udongo wa ukingo uliteleza. Mi nitatia sahihi. Ukifika brigedi mufungulie ule mwalimu wa muchezo, umuambie asionekane tena na karatasi za Bazungu mu mukono, angalau mpaka mvua." Alitoa pole kwa wazee, akaweka bahasha ya rambirambi kwenye sahani, akarudi kwenye gari.

Badibanga aliandika palepale, amesimama, daftari juu ya mti wa uzio. Alipiga mstari chini ya neno ajali. Gari liliondoka, vumbi lake lilining'inia mlangoni likawa jekundu kwa jua la mwisho, kisha likalala.

Henriette alikimbia uani, akapiga magoti, akamshika Mama Ndaya mabegani na kumnong'oneza sikioni.

"Mama, basi. Ameenda. Omer atatoka. Nyamaza sasa, mama, imekwisha."

Mama Ndaya hakumsikia. Wanawake wengine walikuwa wamekwisha kuchoka na kurudi kwenye mikeka, lakini yeye alikuwa bado amelala kifudifudi kwenye udongo, na sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ya kawaida, karibu ya upole. Alikuwa amefika kwenye sehemu ile ya kilio ambapo mzazi humwelekeza mfu mahali pa kupita. Alikuwa akimwonyesha Kabongo njia, mto kwa mto, kivuko kwa kivuko, na kila alipotaja kivuko alitulia kidogo, kama anayengoja kusikia mguu ukiingia majini.